Bei ya Ndengu ya Wiki Iliyopita

Mjukuu wangu Kendi,

Wengi wanaoanzisha huduma mtandaoni hukosea kwa kumwogopa mteja anayelalamika. Nyanya yako anakusalimu; goti lake limepata nafuu.

Umeniuliza mwaka wa kwanza wa tovuti yangu ya bei za soko ulikuwaje. Wakulima wengi walioitumia niliwafundisha shuleni, na kila nilipowauliza walisema, "Iko sawa kabisa, Mwalimu." Ni Wanja wa Gachoka tu aliyenipigia simu.

"Mwalimu, hii bei ya ndengu ni ya wiki iliyopita! Nimefika Nkubu na magunia yangu, wanunuzi wananicheka."

Nikamjibu kana kwamba bado yuko darasa la nne: "Wanja, hata zamani hukusoma maagizo."

"Pole, Mwalimu," akasema.

Nilipoangalia, nilikuta bei hazijabadilishwa. Wale wengine walijua, ila kwa kuniheshimu walinyamaza, wakaacha tu kuifungua tovuti. Nilimpigia Wanja kumwomba radhi. Akajibu kwa upole, "Iko sawa kabisa, Mwalimu." Tangu hapo hajaniambia lolote la kweli, na hilo linaniuma hadi leo.

Unasema kuna mteja aliyekuandikia kwa hasira. Mpigie leo, umsikilize mpaka amalize.