Hatugombani Mbele ya Mtungi

Shemeji Mutua,

Sikusalimii. Mtu akiondoka bila kuaga, salamu ni za nini? Hata Wamaasai wa hapa Noonkopir, wanaoweza kusimama njiani wakisalimiana "sopa" na "ipa" mpaka ng'ombe zifike Isinya zenyewe, hawawezi kunilaumu kwa hilo.

Niko na hasira na wewe. Nimekaa hapa nje kando ya tangi la maji, juu ya kreti, kwa sababu ndani kwa stoo siwezi kukasirika. Si ni wewe uliweka hiyo sheria? "Hatugombani mbele ya mtungi, shemeji. Waini ikisikia matusi inageuka siki." Ati pombe iko na masikio! Na mimi Njoroge, mtu aliyeshika fisi masikio yote mawili pale Isinya akamwambia rudi ulikotoka, nikatii. Mpaka leo natii. Aliyekufa ni wewe, lakini anayenong'ona ni mimi.

Wacha kwanza nikupe habari yenyewe, ndio nikutukane vizuri baadaye. Mtungi wa waini ya maembe uko salama. Ule wa mwisho, uliouanzisha kwa ajili ya siku ya mahari ya binti yako Mwende. Lakini Jumamosi iliyopita nusura umwagwe, na aliyekuja kuumwaga ni Kioko. Ndugu yako. Tumbo moja.

Kwani hukumsikia siku ya mazishi? Alishika maikrofoni mbele ya jeneza lako akasema, "Ndugu yangu ameuawa na chupa." Hivyo tu, kama mtu anatangaza bei ya vitunguu. Na wale wazee wa kanisa waliokuwa wanakuja kwako Jumapili jioni na vikombe vya chai, ndio mtu akipita adhani ni chai, waliinamisha vichwa wakasema "Amina." Mmoja wao nilimwona akilamba midomo. Nikasimama nijibu. Dada yangu Wambui, mke wako, mjane wako sasa, akanivuta koti kwa nyuma nikakaa. Lile koti lilishonwa tena baadaye. Nguvu aliyonivuta nayo ingeng'oa mwerezi.

Chupa gani, Mutua? Wewe ulikuwa unakunywa glasi moja na chapati, ukikunja uso kama mtoto anayepewa dawa ya minyoo. Kazi yako ilikuwa kutengeneza, kuinua kwa mwanga, kusema "angalia rangi," halafu unawapa wengine. Kama chupa inaua, basi mimi ndiye ningezikwa pale, na wewe ungekuwa unashika maikrofoni.

Nakumbuka boksi la kwanza. Kijana wa kazini kwako alikuletea kutoka ng'ambo: mfuko wa juisi nzito ya zabibu, pakiti ndogo ya hamira, na kile kidude cha plastiki cha kuweka juu ya mtungi, kipumulio, chenye maji ndani, kinachosema *blup* hewa ikitoka. Maagizo yalikuwa ya Kiingereza kitupu. Wewe fundi wa mabomba ulisoma ukitikisa kichwa. Mimi niliacha shule darasa la sita, shule yenyewe iliposhindwa na mimi, nikakuambia sihitaji karatasi. Guka, babu yangu, alikuwa anatengeneza muratina, pombe iliyokuwa inafanya wazee watatu wabebwe na mmoja. Na nikaona ile hewa ikitoka, blup, blup, nikasema hizi ni nguvu zinapotea bure! Ukienda kazini nikang'oa kile kidude, nikakomelea gunzi la mahindi.

Huo mlio ulisikika Kajiado mjini. Gunzi lilitoboa mabati likampiga mwewe huko juu, na ninaapa mwewe alianguka amelewa. Ukuta wote mwekundu. Wambui aliingia akapiga nduru akijua nimekuchinja. Na wewe uliporudi hukupaza sauti hata kidogo. Uliziba lile tundu la mabati kwa lami, ukaniambia, "Shemeji, ukiifunga kabisa italipuka. Ukiiacha wazi itakuwa siki. Unaiacha ipumue kidogo kidogo." Halafu ukacheka mpaka ukashika kifua.

Ukashika kifua. Sasa ndio nafikiria hiyo.

Baada ya hapo hukuacha kitu. Juisi ya pakiti ya supamaketi, mananasi, matunda damu, hata bitiruti, ile iliyonuka kama shamba limenyeshewa na ukainywa peke yako kwa kiburi. Na kila Jumamosi unachukua kile kioo kinachoelea, unapima sukari ya waini. Unainama, unafunga jicho moja, unasema "bado." Kila Jumamosi, Mutua! Hukuwahi kuruka hata moja.

Na pressure yako ulipima lini?

Daktari alituambia ni moyo, umechoka kwa pressure ya siku nyingi, na kwamba alikuwa amekupatia dawa. Tukaangaliana, mimi na Wambui, kama watu wameambiwa uko na mke mwingine. Dawa gani? Nimezipata mimi. Kwa boksi la vizibo, hapo kwa stoo, nyuma ya mpira wa kunyonyea waini. Hujafungua hata pakiti moja. Mtu anayejua sukari ya mtungi wa maembe hajui damu yake! Mtu anayeniambia mimi, mbele ya watu, "usifunge kabisa, italipuka," na yeye mwenyewe amejifunga na gunzi! Nilikaa chini hapo stoo na hizo dawa mkononi. Nilitaka kupiga kelele nikashindwa, kwa sababu ya hiyo sheria yako ya upuzi. Nikatoka nje nikapigia kuku kelele. Kuku hawakuwa na makosa.

Sasa Kioko. Alikuja na ndoo. Nilidhani mtu wa Mungu atakuja na Biblia, akaja na ndoo. Nikamkuta stoo ameshika mtungi shingoni. Nikafungua mdomo ningurume, na Wambui huyo mlangoni, mkono kiunoni: "Hapo ndani hakuna kelele. Mwenyewe alikataza."

Ungeona, shemeji. Wanaume wawili wazima, mmoja ameshika mtungi juu, mwingine ameshika chini, tunatukanana kwa kunong'ona.

"Toa mkono."

"Sitoi. Leo inaenda kwa mtaro."

"Mjinga wewe."

"Mlevi wewe."

"Punguza sauti, unaiharibu!"

"Wewe ndiye umeanza kupaza!"

Unajua nilishangaa nini? Yeye anasema ni sumu, ni kazi ya shetani, amekuja kuimwaga, na bado ananong'ona. Kwa sababu ni wewe ulisema.

Nikamwonyesha dawa. Nikamwambia, "Hii ndiyo chupa iliyomuua. Haikufunguliwa." Akazikodolea macho. Hapo kidude kikasema *blup*. Kioko akaruka kama ameumwa na siafu.

"Nini hiyo?"

"Inapumua."

Akainama. Akanusa. Nikaona uso wake ukibadilika polepole. "Hii ni embe ya kwa mama," akasema. "Ya Makueni. Ile ya karibu na choo."

"Si ni wewe ulituma magunia?"

"Aliniambia ni ya watoto."

Akauachilia mtungi. Akageuza ndoo yake, akaikalia, na akalia. Hata kulia, Mutua, alilia kwa kunong'ona. Ndipo nikaelewa ile maikrofoni. Alikuwa anaogopa ni yeye alichuma kilichokuua. Lakini usidhani nilimkumbatia. Hakuomba msamaha na mimi sikumpa. Bado yale maneno yake yako vichwani mwa watu hapa Kitengela, na Mwende ameyabeba mpaka akataka kuahirisha mahari. Mama yake ndiye alikataa. Kioko akasimama, akachukua ndoo, akafika mlangoni, akageuka na kidole juu: "Mimi siinywi. Lakini nisikie mtu ameimwaga!"

Basi imebaki kazi yangu. Kile kioo nimejifunza kukisoma. Jumamosi hii sukari ilikuwa imeshuka karibu na ule mstari ulioweka alama. Nikafunga jicho moja nikasema "bado," na hakuna mtu alijibu, nikaondoka haraka.

Nilienda pia kupimwa. Nesi akaniambia iko juu. Nikamwambia iko juu kwa sababu ya shemeji yangu, yeye akapunguza yake kwa kufa, mimi nikabaki nayo. Hakucheka. Dawa zangu nimeweka juu ya mtungi, kando ya kidude, mahali siwezi kupita bila kuziona. Nikikusikia unanicheka huko nitarudisha gunzi.

Wakwe wanatoka Rombo, Wamaasai, na wazee wao. Nilikuambia mila inasema upande wa kijana ndio huleta pombe, wewe ukasema, "Waje na yao. Yangu wataikuta mezani." Wataikuta. Na watauliza ni mkono wa nani. Unanijua, ulimi utaniwasha. Nitataka kuwasimulia fisi, nitataka kuwasimulia mwewe, na guka yangu na wale wazee watatu. Lakini nakuahidi, mbele ya Kioko na hao wa Amina, nitasimama niseme: "Hii imetengenezwa na baba ya Mwende, na ndugu yake ndiye alichuma." Halafu nikae chini. Hujawahi kuniona nikikaa chini mapema hivyo. Pole, hutaona.

Na ahadi ya pili. Siku hiyo mtungi utabaki mtupu, na sheria yako itakuwa imeisha. Wageni wakienda nitaingia stoo nifunge mlango, na nitakugombeza kwa sauti yangu yote, kwa zile dawa, kwa kile kifua ulichoshika ukicheka, mpaka ile lami uliyoziba nayo mabati itoke. Rombo watanisikia. Jitayarishe.

Mpaka siku hiyo, lala. Nimevua viatu hapa mlangoni, naingia kuangalia kidude.

Kwaheri, shemeji. Nimesema polepole.

Njoroge