Raba Mpya ya Pikapu ya Melkior

Marangu, Kilimanjaro
9 Novemba 2024

Mpendwa mwanangu Justina,

Najua salamu hutangulia, lakini nikianza nazo nitaishia hapo, kama katika barua zangu zote za miaka kumi na mitano. Fundi Abasi hakumdanganya baba yako, mdogo wangu Melkior. Alimfungia raba mpya ya injini kama alivyoapa. Aliyeing'oa ni mimi.

Sasa nikuulize: hujambo, mama? Antoni na Aika hawajambo? Huko Mwanza joto limepungua? Mimi maji yamejaa kifuani, nalala nimeketi. Daktari ameacha kunipangia tarehe ya kurudi. Nimefundisha miaka thelathini na minne, namjua mtu anayekwepa swali. Kuandika kunanichosha, ila sikutaka binti yangu Digna, aliyekuja kuniuguza, aniandikie.

Wiki iliyopita pikapu yangu ilianza kugonga kwa chini kila Digna akiiondoa. Bila kuniuliza akamwita Shakiru, mwana wa Abasi. Nikatolewa nje na kiti changu, nikatazama. Kijana aliweka jeki na kipande cha ubao chini ya injini, akaiinua kidogo, akafungua nati, akatoa raba ya kushoto, ile inayoshika injini isirukeruke. Ilikuwa imechanika. Akaifuta grisi, akaigeuza kwenye mwanga.

"Babu, hii alama ni ya baba. Mikato miwili ya patasi kwenye chuma. Kila raba aliyofunga aliitia."

"Mafundi wenye patasi ni wengi," nikasema.

"Ni wengi, babu. Ila baba hajawahi kugusa gari hili. Husema mwenyewe, gari la mwalimu huligusi, mwalimu anajifanya fundi." Akacheka. Akafunga raba mpya, na ile ya zamani akaitia mfukoni mwa ovaroli, akaondoka nayo. Tangu siku hiyo kila bodaboda inayopanda kilima, moyo unaniambia ni yeye, amempakia baba yake.

Ile Desemba unaikumbuka, wiki ambayo kila Mchagga yuko nyumbani. Wakwe wa Digna walikuwa wanaleta pombe ya mbege na mahari. Siku moja kabla, raba ya pikapu yangu ilikatika. Maduka ya vipuri yalikuwa yamefungwa na mvua imeharibu njia. Bila gari, wazee wa watu wangepanda kwa miguu kwenye tope. Baba yako alikuwa kitandani na malaria, na pikapu yake, ndugu ya yangu kwa kila kitu, imeegeshwa.

Ningeweza kumwomba. Lakini yeye ndiye kitindamimba, ndiye aliyerithi nyumba ya baba yetu kwa mila, nami kaka mkubwa nilikuwa nimejiapiza kutoomba hata chumvi chini ya paa lile. Nikabadilisha kimya kimya. Mpya yake nikaifunga kwangu, iliyokatika nikaifunga kwake kwa waya. Wageni wakiondoka ningeirudisha.

Kesho yake, kwenye mteremko wa Himo, injini yake iliinuka, ikavuta waya wa pedali ya mafuta, gari likakimbia lenyewe mpaka korongoni. Wakaguzi wakakuta raba iliyooza. Abasi akaapa kwamba alifunga mpya. Wewe ukasimama mbele ya waombolezaji ukasema, "Muuaji huyu asikanyage kihamba chetu, shamba hili la ukoo." Nilikuwa nimesimama karibu yako, nimekushika bega. Hakuna aliyempelekea gari tena. Sasa anaziba pancha za baiskeli pale njiapanda, na watoto humwita Raba Mbovu.

Ukija Krismasi ukakuta nimeshaondoka duniani, usingoje. Chukua jani la isale, umpelekee Abasi. Yeye ni Mwislamu, si wa mila zetu, lakini amezeeka kati yetu, anajua anayekuja na isale amekuja kuomba msamaha. Kisha barua hii isomwe mbele ya ukoo wote, naye awepo.

Msalimie Antoni, mbusu Aika. Digna anakusalimu, bado hajui. Mungu akufikishe salama, na hasira yako ikiwaka, isimpate yeye.

Limebaki moja. Utakuwa unadhani baba yako aliondoka nisimwone. Alipata nafuu mchana ule, akaja kuwasalimu wakwe, akaona soda zimepungua. Akaingia kwenye gari lake, akatoa kichwa dirishani. "Kaka, nishuke Himo nikuletee kreti ngapi?" Wakwe wote waligeuka kunitazama. Kumwambia ateremke kulikuwa kuwaambia kwamba nimemwibia mdogo wangu.

Nikamjibu, "Tatu." Kisha nikaenda mwenyewe, nikamfungulia geti.

Baba yako mkubwa, akupendaye,
Emilian