Siku Tuliyoweka Jembe Chini kwa Ajili ya Mzee Masizi

Mpendwa Tata, baba yangu,

Shikamoo. Najua huwezi kuitikia, lakini sijawahi kuanza mazungumzo na wewe bila shikamoo na sitaanza leo.

Wanarudia kuonyesha ile tamthilia yetu ya makaa ya mawe. Walianza miezi kadhaa iliyopita, tangu mwanzo kabisa, pale baba wa ile familia anaposhuka shimoni asubuhi na mkewe anamkimbilia getini na chakula alichokisahau. Mara ya kwanza kuona tangazo nilikuwa kwenye cherehani yangu hapa Kayanga, televisheni ya duka la jirani inawaka na hakuna anayeitazama. Nilishtuka nikashona mkono wa gauni la watu mahali pa kola. Mwenye gauni alinisema mpaka akachoka, nami nikamwacha aniseme, maana sikuwa na namna ya kumweleza kwamba nimemwona mtu niliyemjua.

Unakumbuka tulivyokuwa tunaitazama kule nyumbani Kaisho? Wewe ulikuwa unarudi kutoka kwenye shimo la kuchimba madini ya bati na udongo mwekundu mpaka kwenye nyusi. Unaoga, unakunywa uji, halafu unakaa kwenye kigoda karibu na mlango, na kiti cha vitambaa unakikataa ingawa umeshaoga. "Udongo wa shimo hauishi mwilini," ulikuwa unasema. Mama anapangusa betri ya sola utafikiri anaiombea, na ikifika saa kumi na mbili na nusu jioni tunakaa. Mji wa zamani, nchi ya baridi, wanaume wenye nyuso nyeusi na taa kichwani, na wote wanaongea Kiswahili kilichonyooka walichoingiziwa na watu wa mjini. Mama alikuwa anauliza kila siku, "Wazungu hawa wamejifunzia wapi Kiswahili cha kutuzidi sisi?" Na wewe unamjibu kila siku, "Nyamaza, wanashuka."

Jina la yule baba lilitushinda kulitamka, ukamwita Mzee Masizi, na kijiji kizima kikamwita hivyo. Ulimpenda, Tata, ila ulikuwa unamsahihisha kama vile anakusikia. Nguzo zikiwa mbali mbali unaguna. Paa la shimo likionyeshwa unanyanyua fimbo yako na kugonga ukuta wa sebule yetu, ko ko ko, kisha unatega sikio. "Mwamba ukijibu kavu, ingia," ulituambia. "Ukiitika kama debe tupu, toka, na usirudi kuchukua hata koti." Tulikucheka. Mdogo wangu wa mwisho alikuwa anagonga sufuria jikoni na kutangaza kwamba ugali umeitika, wote tutoke.

Halafu Mzee Masizi akafa. Paa lilimshukia, king'ora kikalia mji mzima, wanawake wakasimama getini na mashuka mabegani. Mama hakulia. Alizima televisheni, akatoka nje, akaingia na majembe yote matatu, akayaegemeza nyuma ya mlango.

"Kesho halimi mtu," akasema.

Ulimwambia taratibu kwamba ni mchezo tu, yule bwana yuko hai kwao, labda muda huu anakula. Akakutazama kwa mshangao. "Mtu amekaa humu sebuleni kwetu karibu mwaka mzima. Amekuwa akituaga kila jioni. Leo amekufa, halafu kesho tukalime mbele ya nani?" Wewe mwenyewe unajua kwetu jirani akifa hakuna anayegusa udongo kwa jembe mpaka azikwe, na anayelima siku hiyo anaonekana amefurahia msiba. Ulifikiri kidogo, ukanyoosha miguu, ukasema, "Sawa. Mtu wa shimo amekufa. Tupumzike."

Asubuhi yake ndiyo naikumbuka kuliko zote. Nilikuwa nimekuja kuwatembelea, nimekaa barazani namenya ndizi. Mama Koku, jirani yetu wa bondeni, alipita akaona kibanja chetu cha migomba kitupu na majembe ndani, akamuuliza mdogo wangu kuna nini. Mtoto akajibu alichokisikia jana, kwamba mtu wa shimo amekufa. Katika kijiji kile mtu wa shimo alikuwa mmoja. Mama Koku hakuuliza la pili. Alijifunga khanga kiunoni na kuanza kulia kuanzia pale pale njiani, na haikuchukua muda milio ikaitikiana kutoka kila kibanja. Wakaja na kuni, wakaja na mikungu ya ndizi, wanaume wakaja na nyasi za kutandika uani. Wote waliweka majembe chini kwa ajili yako.

Na wewe ulikuwa chooni.

Sitasahau ulivyotokea nyuma ya nyumba na kopo mkononi, ukakuta watu hamsini wanakulilia. Mama Koku alikaa chini pu! Mzee mmoja akaanza kurudi kinyumenyume. Ukasimama, ukatutazama, ukaweka kopo chini na kusema, "Mimi nipo. Nishikeni mikono muone." Wakakushika kweli, mmoja mmoja, wengine mara mbili. Ulicheka mpaka ukashika mti. Kisha ukaingia ndani, ukatoka na kikapu kidogo cha kahawa za kutafuna, ukampitishia kila mmoja kama mwenye sherehe. "Mmekwisha kuja," ukasema, "basi mkae. Mlilieni Mzee Masizi, naye hakuwa mbaya." Ndizi zilizoletwa kwa msiba wako ulizila wewe mwenyewe na kusifu wapishi. Kwa muda mrefu nilidhani ile ndiyo hadithi ya kuchekesha kuliko zote katika ukoo wetu.

Mvua zilipoanza, kilima kilishuka kweli. Hakukuwa na king'ora, Tata. Alikuja kijana wa bodaboda, akasimama uani, akashindwa kuvua kofia. Wenzako wawili waliotoka walitueleza ulikuwa nyuma yao. Walikusikia unagonga mwamba, kisha unatulia, kisha unasema, "Tokeni, mwamba unaitika." Wakatoka. Wewe ndiye uliyekuwa ndani zaidi.

Nilifika na kusimama pale juu na birika la chai kwa ajili ya waliokuwa wanachimba. Hiyo ndiyo kazi niliyoipata. Walichimba kwa majembe na sururu na mikono, siku ya kwanza, ya pili, ya nne. Kisha udongo ukashuka tena, ukamvunja mmoja wao mguu, na wakubwa waliokuja kuangalia wakasema basi, tukiendelea tutafukia na wazima. Nilimimina chai. Iliyobaki ilipoa, nikaimwaga, nikarudi nyumbani na birika. Mpaka leo sijui mtu mwingine angefanya nini pale, lakini mimi sikufanya chochote.

Mama alikuwa kwenye kibanja, analima. Watu wa msiba walikuwa wameshajaa uani na yeye analima. Mama Koku alimfuata kumshika mkono, akamwambia mama wa watu weka jembe. Akajibu, "Mlikuja hivi hivi siku ile. Mkalia hivi hivi. Akatokea nyuma ya nyumba na kopo. Mimi leo niweke jembe chini ili akitoka anikute nimemzika?"

Tangu siku ile hajakosa asubuhi hata moja, isipokuwa Jumapili. Usije ukafikiri amerukwa na akili. Anapika, anaimba kwaya, anajua ni nani anachanganya mawe kwenye maharage. Ila kila asubuhi anachukua jembe na kulima, hata mahali alipolima jana. Migomba imeanza kukonda kwa kukatwa mizizi. Mikono yake, Tata, ungeiona usingeuliza kitu. Nimembembeleza, nimemkasirikia, nimemletea mchungaji. Mchungaji alisali vizuri sana, Mama akaitikia amina, kisha akamwomba asogee kidogo kwa sababu amesimama kwenye tuta.

Sasa ukoo wameamua. Mtu ambaye mwili wake haukupatikana wanamzikia mgomba, unavikwa nguo yake na kulazwa ardhini, ili watu wa nyumbani wapumzike. Walipanga Jumamosi hii iliyopita. Baba mdogo alinipigia simu akaniambia, "Wewe ni mtoto wa kwanza. Hatuwezi kuzika huku mama yako analima, na jembe atalitoa kwako tu. Ulipokee." Nikasema ndiyo, baba mdogo. Ningesema nini?

Nilihesabu sehemu za tamthilia, nikaona kile kifo cha Mzee Masizi kinaangukia Ijumaa jioni. Nikajipa moyo. Nikajidanganya kwamba Mama akimwona anakufa tena, atainuka na kuegemeza majembe nyuma ya mlango kama mwanzo, na mimi sitahitaji kumnyang'anya chochote. Nikafunga cherehani, nikapanda gari kwenda nyumbani.

Tulikaa wawili. Kigoda chako kilikuwa karibu na mlango na hakuna aliyekikalia. Paa likashuka, king'ora kikalia, wanawake wakasimama getini. Nilikuwa namtazama Mama, si televisheni. Alitazama mpaka majina yakaisha kupita. Kisha akasema, "Mwaka jana tulimharakisha. Angalia, miezi yote hii amekuwa akishuka na kupanda, mzima kabisa. Kesho tutalima."

Jumamosi watu walikuja mapema. Walichimba kaburi kwenye kona ya kibanja, karibu na mibuni uliyopanda wewe. Mgomba ulilazwa kwenye mkeka, umevikwa koti lako la kanisani, na vifungo vimefungwa vyote, nikataka kuwaambia kwamba wewe cha juu hukifungi. Baba mdogo akanionyesha kwa kidevu. Nikaenda mpaka alipo Mama.

Nilinyoosha mkono. Nilikuwa nimejifunza maneno njia nzima, kwamba Mama imetosha, kwamba naomba jembe. Akaniona, akatabasamu, Tata, tabasamu la kweli ambalo sijaliona tangu mvua zile. Alidhani nimekuja kumsaidia. Akainama, akaokota jembe jingine lililokuwa limelala kwenye majani, akaniwekea mkononi. Lilikuwa lako. Mpini bado una ule mkanda wa tairi ulioufunga mahali ulipopasuka.

"Anzia upande ule," akasema. "Akute pamepaliliwa."

Nyuma yangu watu walikuwa wanasubiri. Kijiji chote kiliweka tena majembe chini siku ile kwa ajili yako, kuanzia bondeni mpaka barabarani. Nilijua kwamba nikilinyanyua, nimewaaibisha ukoo, na nimemwacha Mama pale pale alipokuwa. Nilijua pia kwamba nikilitupa, ninakuua mbele yake kwa mkono wangu mwenyewe. Nilisimama nalo kama nilivyosimama na birika.

Nikainama, Tata. Nikalima.

Hawakuzika. Walisubiri mpaka jua likawa kali, wakaondoka mmoja mmoja bila kuaga, na mgomba wakauacha kwenye mkeka. Baba mdogo hapokei simu yangu. Nami nimerudi Kayanga na malengelenge mawili ya kiganja, sijui niende tena Jumamosi ijayo nikafanye nini, na koti lako sijui kama limenyeshewa.

Kama uko mahali pa kusikia, ulisikia jinsi kijiji kilivyotulia siku ile. Majembe mawili tu ndiyo yaliyokuwa yanagonga udongo, la mkeo na hilo lako. Hukuitika.

Pumzika, au rudi. Sijui tena nikuombee lipi.

Ni mimi,
mwanao wa kwanza, niliyeshika jembe lako.