Weupe wa Mashua ya Mwalimu Sikazwe

Tunduma,
Jumapili, 22 Agosti 1999

Kwa dada yangu Nesta,

Nakusalimu wewe, namsalimu shemeji Timotheo, na wote walioko hapo Mkwajuni mpaka mbwa wa mlangoni. Je, goti lako limeacha kuuma, au bado linakusumbua ukitoka kisimani? Na shemeji, kikohozi cha vumbi la mgodini kimempungukia? Mimi huku ni mzima kabisa. Nimeongezeka mwili kidogo, na wenye wivu wanasema ni tumbo, lakini ni kifua. Wifi yako Marita hajambo, anasema ile mbegu ya karanga uliyomletea imeota yote.

Barua yako kwa mwanao Jonasi ilifika Jumatano kwa mkono wa yule mnunuzi wa dhahabu. Ilimfika tukiwa pamoja kazini, na hiyo ndiyo sababu nimechukua kalamu leo badala ya kupumzika, ingawa mkono umevimba kwa msasa. Nitakueleza yote kwa utaratibu. Darasa la sita nililoishia lilinifundisha walau hilo, kuanzia mwanzo.

Unaikumbuka mashua niliyokuandikia. Watu wa huko wameshangaa, najua, mashua Tunduma inatafuta nini wakati hapa maji ni ya ndoo. Ilikuwa inapita tu. Ni mashua ya tanga, ya faiba, ya zamani, ndefu kuliko nyumba yangu, na mlingoti wake umelazwa juu yake kama mgonjwa anayepelekwa hospitali. Mwenyewe ni Mwalimu Fanueli Sikazwe, mstaafu wa Mbala, upande wa Zambia. Aliinunua Dar es Salaam kwa kiinua mgongo chake, aiteremshe Ziwa Tanganyika kule Mpulungu azeekee humo. Mwenye lori ni Mzee Habibu, mtu wa Tanga aliyehamia hapa. Dereva ni mwanao. Jonasi aliipandisha mlima wa Kitonga wote, kona kwa kona, akaifikisha Tunduma haina hata mkwaruzo wa ukucha.

Ikaja kuumia hapa, ndani ya yadi ya Mzee Habibu, ikirudishwa kinyumenyume kungoja karatasi za forodha. Kona ya trela lililoegeshwa iliingia ubavuni mwake, ikaacha tundu la kupita kichwa cha mbuzi na mchubuko mrefu kama mkono wangu. Hayo nilikuandikia. Sababu yake pia nilikuandikia, na hiyo sababu nitairudia huko mbele, tuiache kwanza.

Mzee Habibu hakufoka. Alisema Mwalimu Sikazwe anakuja Jumamosi ya tarehe ishirini na moja, na siku hiyo akiliona kovu, Jonasi akabidhi ufunguo, na yeye mwenyewe atawaambia wenye malori wote kuanzia hapa mpaka Mbeya wasimpe usukani. Ukimjua Mzee Habibu unajua akisema kwa sauti ndogo amemaliza. Nikamwambia palepale, mbele ya madereva, kwamba mashua imebahatika kuumia mlangoni kwa fundi. Mimi kule Kitwe niliziba boneti ya gari la meneja wa mgodi, na meneja alipokuja alikataa kulichukua, akalia kwamba nimembadilishia. Mzee Habibu akasema kwao Tanga chombo kikitoboka hukalafatiwa kwa pamba, hakizibwi kwa hadithi. Watu wakacheka. Nikawaacha wacheke.

Kuziba tundu si kazi, dada. Nilikata palipovunjika, nikapanga nyuzi za faiba tabaka kwa tabaka, nikanywesha gundi yake, siku mbili ubavu ukawa mgumu kuliko mwanzo. Ungeweza kuupiga kwa nyundo. Kazi ni ngozi ya juu, wanayoiita jelikoti. Si rangi ya kupaka ukutani. Ni utomvu mzito, unachanganya rangi ndani yake, unatia hadina ya kukausha, inageuka kuwa kama mfupa. Mwalimu alikuwa amenunua mkebe mmoja wa jelikoti nyeupe, akauweka ndani ya mashua. Mmoja tu, na hapa Tunduma huwezi kupata mwingine hata ukimuuliza waziri.

Nyeupe ya mkebe ilikuwa nyeupe ya shuka la harusi. Na mashua, baada ya miaka ishirini na zaidi ya jua, ilikuwa na weupe wake mwenyewe. Weupe wa maziwa ya jana. Kwa hiyo nikavuka mpaka hadi Nakonde kwa fundi wa matangi ya maji, akanipa tyubu tatu za rangi kali, njano, kahawia na nyeusi. Nikachanganya kwa jicho, kwa sababu jicho langu linajulikana.

Jonasi akaniambia, mjomba, tuioshe kwanza na kuisugua, hii rangi unayoiona ni ya barabarani. Nikamjibu kwamba nilipoanza kazi hii yeye alikuwa bado anabebwa mgongoni. Nikapaka. Ikafanana kabisa, nikaita watu waje waone. Kesho yake Jonasi akachota maji na sabuni, akaosha ubavu mzima. Dada, vumbi la kutoka Dar mpaka hapa lilitiririka jekundu, na chini ya vumbi kulikuwa na unga mweupe wa jua, nao ukatoka kwa msasa. Mashua ikang'aa, na kiraka changu kikabaki katikati yake kama kiraka cha kaki kwenye shati jeupe la shule. Nilidhani nimepatanisha rangi na mashua, kumbe nimeipatanisha na barabara ya Tanzam.

Nikakwangua. Mkebe ulishafika nusu.

Safari ya pili nikasema vumbi ndilo adui, nikafunika sehemu yote kwa turubai, tukafanyia kazi chini yake. Humo ndani rangi ilikubali mara ya kwanza. Ilikubali mpaka mimi mwenyewe nilipapoteza mahali pa kiraka, nikapatafuta kwa kidole. Nikawatangazia madereva wote kwamba kesho waje waone muujiza bila sadaka. Walikuja kweli. Tukavuta turubai. Lilikuwa turubai la bluu, kama yote ya hapa Tunduma, na mwanga uliopita humo ulikuwa umenidanganya. Kwenye jua kiraka kilikuwa cha njano kama ugali wa mahindi ya msaada. Dereva mmoja Mmalila akauliza kama nimepaka manjano ya pilau. Mzee Habibu alitazama, akarudi ofisini.

Hiyo ilikuwa Jumatano asubuhi. Mkebe umebaki vidole viwili. Na ndipo yule mnunuzi wa dhahabu alipoingia na barua yako.

Jonasi aliisoma amesimama. Alipomaliza alinipa niisome, kwa hiyo najua ulichomwandikia. Kwamba kama ameamua kunywa asubuhi akiwa kwenye usukani asikanyage kwako mpaka mdomo wake usiwe na harufu, na kwamba umesimama mbele ya akina mama wa ushirika ukaomba wamwombee. Aliikunja ndogo, akaiweka mfuko wa shati, akaokota msasa, akaanza kukwangua ile njano yangu. Nami nikaokota msasa wangu, nikaanza upande wa pili.

Baada ya hapo nilifanya kazi kama ambavyo sijawahi, na hapa sikuongezei chumvi, chumvi imekwisha. Tuliondoa turubai. Tulisugua pembeni ya kidonda upana wa kiganja, mpaka weupe wa kweli wa mashua ukatoka, kisha nikaapa sitapaka ubavuni hata tone mpaka nimepata. Nikachukua kipande cha faiba, nikaanza kuweka madoa madogo ya ukubwa wa shilingi. Kila doa lilikuwa na hesabu yake ya matone, na Jonasi alikuwa akiandika kwenye boksi la sabuni, njano ngapi, kahawia ngapi. Nilitaka kumwambia hesabu iko kichwani mwangu. Nikamwachia aandike.

Jelikoti ikiwa mbichi ina sura moja, ikikauka ina nyingine. Kwa hiyo kila doa tulilingoja likauke, tukalipitisha msasa wa maji, tukalilowesha, tukaliweka kando ya mashua. Tukalitazama saa moja asubuhi, tukalitazama saa sita, tukalitazama jua likiegemea. La kwanza lilikuwa na wekundu. La pili lilikataa saa sita. La tatu na la nne sitaki kuyataja. La tano lilifaa kivulini tu, la sita lilikuwa karibu kiasi kwamba zamani ningeita watu. La saba lilikuwa njano matone manne, kahawia mawili, nyeusi ile inayobaki kwenye ncha ya njiti ya kiberiti, basi. Tulilibandika kwenye ubavu wa mashua, Jonasi akarudi hatua kumi akaniuliza nimelitoa saa ngapi. Nilikuwa sijalitoa.

Ijumaa alfajiri nikapaka, nikafunika kwa nailoni maana hewa huifanya ngozi ya juu iwe na utelezi isikauke. Mchana tukasugua, msasa mkali, msasa laini, laini zaidi, kisha polishi. Mkebe ulikuwa mtupu. Ningeukosea huo, kusingekuwa na wa pili.

Jana Mwalimu Sikazwe akaja, mzee mwembamba, miwani imefungwa kwa uzi. Mzee Habibu, kwa kuwa ni muungwana, alimweleza kabla ya yote kwamba mashua iligongwa na imetengenezwa. Mwalimu akaizunguka. Akaizunguka tena. Akaweka kiganja ubavuni akatembea nacho taratibu kama anayempapasa ng'ombe wa kununua. Akaomba maji, akamwagia, akainama. Mwishowe akasema kwa Kiswahili chake cha Zambia kwamba kama kuna mahali iligongwa basi tumwonyeshe, maana yeye ameshindwa. Akacheka, akauliza fundi ni nani.

Dada, unanijua. Nilikuwa nimeshafungua mdomo, hadithi ya meneja wa mgodi ilikuwa ulimini. Mzee Habibu akaniwahi. Akamwambia Mwalimu kwamba fundi ni huyu, na amefanya kazi ya sifa. Kisha akamgeukia Jonasi akamnyooshea mkono. Alisema: "Mashua imepona, mwanangu. Lakini dereva anayekunywa asubuhi hakuna jelikoti ya kumziba, kovu lionekane lisionekane. Nipe ufunguo."

Jonasi akautoa mfukoni. Ulitoka pamoja na barua yako, ikaanguka chini, akaiokota kwanza.

Sasa dada, kama umesimama, kaa.

Siku ile ya ajali palikuwa na mtu nyuma ya lori aliyekuwa akimwelekeza mwanao kurudi. Alikuwa amepanda juu ya pipa, anapunga mkono, njoo, njoo. Madereva wawili wa Kizambia walikuwa wamekaa karibu yake, naye alikuwa akiwasimulia jinsi alivyowahi kurudisha trela la tani thelathini juu ya daraja la Kitwe amefumba macho. Hadithi ilipofika patamu akageuza kichwa awaone wanavyomsikiliza. Mkono ukabaki unaita. Jonasi aliuamini mkono, kwa sababu ulikuwa wa mjomba wake.

Mzee Habibu alipotoka ofisini kuuliza, wale Wazambia walishaondoka zao. Nikawa wa kwanza kusema. Nikasema vijana wa siku hizi wanakunywa kabla ya chai. Mwanao alinitazama, mara moja tu, hakusema kitu. Na jioni ile nikakuandikia wewe maneno yaleyale, ili yawe ya kweli kila mahali. Jonasi hakuonja hata togwa siku ile.

Kwa hiyo jana, mkono wa Mzee Habibu ukiwa umenyooka na ufunguo uko njiani, nilisema: "Mzee Habibu, ule mkono uliokuwa unamwita ni wangu. Nilikuwa nasimulia."

Akauliza, "Na pombe?"

Nikamwambia, "Pombe nayo nilimnywesha mimi, kwa mdomo wangu. Yeye hakuigusa."

Yadi nzima ilisikia. Yule Mmalila hakucheka, na hilo liliniuma kuliko kama angecheka. Mzee Habibu akakirudisha kiganja cha Jonasi juu ya ufunguo akakifunga. Kwangu mimi alisema kwamba kazi za faiba nitaendelea kuletewa, ila nikionekana nyuma ya gari lolote humu yadini nimepunga mkono, hata kusalimia, wanifukuze. Tangu jana watoto wa madereva wananiita Njoo-Njoo. Ni mimi peke yangu hapa mpakani mwenye jina nililopewa na yadi nzima kwa siku moja, lakini hilo ni la siku nyingine.

Jonasi alivusha mashua jioni ileile. Hakuniambia amenisamehe, nami sikumuuliza. Aliniachia kile kipande chenye madoa saba, nimekifunga kwenye bahasha hii pamoja na barua. Doa la mwisho ndilo.

Naomba mambo mawili. Barua yangu ile ya kwanza uliisoma mbele ya akina mama wa ushirika. Hii nayo isome mbele ya walewale, usiruke mstari, hata pale penye pipa. Na pili, Jonasi akitoka Mpulungu ataomba ruhusa, atakuwa kwako Jumapili ya tarehe tano mwezi ujao. Akifika, dada, usimnuse. Mpakulie.

Msalimie shemeji Timotheo, umwambie akishikwa na kikohozi achemshe tangawizi. Wasalimie akina mama wa ushirika wote, ambao najua wanasikiliza. Wifi yako Marita anakusalimu sana, na amesimama hapa nyuma yangu kuhakikisha sijafuta kitu.

Ni mimi ndugu yako wa tumbo moja,

Andongwisye Kibona,
fundi wa faiba, Tunduma