Fundi Cherehani Aliyejifanya Hajui Kushona

Mpendwa mshauri,

Naomba unisaidie upesi, maana maji yamenifika shingoni na aliyeyamwaga ni mimi mwenyewe. Mimi ni fundi cherehani, nilifiwa na mke wangu miaka mingi iliyopita, nina binti mmoja aliyeolewa, na tangu ujana wangu riziki yangu yote imetoka kwenye ncha ya sindano: suti, sare za shule, magauni ya maharusi, mapazia, hata turubai la lori nimewahi kulishona. Mwaka huu mgongo ukaanza kunisumbua kwa kuinamia mashine, binti yangu akaniandikisha mazoezi ya viungo katika ukumbi mmoja ulio mbali kidogo na duka langu, akaniambia, "Baba, ukikosa hata siku moja nitajua," nikaenda, nikafungua mlango, kumbe sio wenyewe, wa mazoezi ulikuwa unaofuata, na huo niliofungua ulikuwa wa kikundi cha akina mama wanaoshona mablanketi ya viraka.

Ningeomba radhi nikatoka, mambo yangeishia hapo. Lakini mwalimu wao alikuwa amesimama mbele, pini zimejaa mdomoni, akazitoa, akanitazama, akasema, "Karibu kaka, usiogope, hapa hata asiyejua kutunga uzi anatoka na blanketi. Umewahi kushika sindano?" Na mdomo huu, sijui nani aliutuma, ukajibu, "Ya kurudishia kifungo tu, dada, tena kwa shida." Akacheka, nikakaa, na ndivyo ilivyokuwa miezi hii yote.

Wanamwita Mama Mikanda kwa sababu ya njia yake. Sisi mafundi wa zamani, ukituagiza blanketi la viraka, tunakata vipande vidogo kimoja kimoja, tunavipanga, tunaviunga kimoja kimoja, mtu unazeeka hujafika nusu. Yeye anachukua mikanda miwili mirefu ya kitambaa, mmoja wa rangi iliyokolea na mmoja wa maua, anaiunga kwa mshono mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho, anaipiga pasi, ndipo anaikata kwa upana, na kila kipande kinachoanguka ni jozi iliyokwisha kuungwa, unaigeuza moja juu chini, unaiunga na mwenzake, tayari una miraba minne imekaa kama vigae vya sakafuni. Kushona kwanza, kukata baadaye! Mshauri, siku ile nilisahau kujifanya, nilibaki mdomo wazi kwa mshangao wa kweli, na tangu hapo yale mabaki ya vitambaa niliyokuwa nayatupa dukani siyatupi tena, nayashonea mablanketi kwa njia yake, na wateja wanayagombania.

Sasa kosa langu ni hili: Mama Mikanda huketi karibu na anayekosea, kwa hiyo nikaanza kukosea. Na nikuambie, kushona vibaya kwa mkono uliozoea kushona vizuri ni kazi ngumu kuliko suti ya bwana harusi, mkono unajinyoosha wenyewe, inabidi nitazame feni darini ndipo mshono upinde, yeye anakuja, anavuta kiti, anaufumua taratibu huku akisema, "Mshono ni kama mtoto, kaka, ukimburuta anagoma," na mimi natamani aendelee kufumua hadi ukumbi ufungwe. Pale wamenibatiza Bwana Mpindo. Binti yangu naye anasema mazoezi yamenikubali kwelikweli, siku hizi natembea nikipiga mluzi. Kinachonikata maini ni hilo neno "kaka," unajua mwenyewe linavyoweza kumfungia mtu mlango kwa upole.

Jumamosi ijayo kikundi kina maonyesho, watakuja ndugu, majirani na watu wa mitaa mingine, na katibu wetu, mama mwenye sauti ya kengele, akasimama akatangaza kwamba Bwana Mpindo atakaa mbele kwenye mashine awe mfano wa mtu aliyefundishwa kutoka sifuri, wakashangilia, nami nikashangilia kama mjinga. Tulipokuwa tunakunja vitambaa Mama Mikanda akanisogelea, akasema polepole, "Kaka, kuna mafundi walionicheka, wakasema njia yangu ni ya wavivu, eti huo si ushonaji. Wewe ndiye jibu langu kwao." Macho yake yalikuwa yanang'aa. Mshauri, nusu ya mtaa wa duka langu wamevaa nguo nilizozishona mimi, akiingia mmoja tu akaniita fundi, mwanamke huyu ataaibika mbele ya watu wote.

Nijiuguze siku hiyo? Nihame kikundi? Au niseme, na nikisema nianzie wapi? Nampenda, mshauri. Haya, nimeshaandika.

Wako,
Bwana Mpindo

*

Bwana Mpindo,

Nimecheka mpaka mhariri akaja kuuliza kulikoni. Nimemaliza kucheka. Sasa nyoosha huo mgongo unisikilize.

Sikulaumu kwa kukaa. Mtu aliyekula peke yake miaka mingi, akivutiwa kiti na mtu mchangamfu, hawezi kusimama kwa urahisi. Nakulaumu kwa kilichofuata. Wewe ulikuwa unacheza. Yeye alikuwa anafundisha. Kila mshono ulioupinda kwa makusudi, yeye aliufumua kwa moyo wake wote. Hilo limekupita, fundi mzima wewe?

Kujiuguza usithubutu, utaletewa uji na wanakikundi wote na uongo utazaa wajukuu. Kuhama nako ni kukimbia, umwache mwenzako asimame mbele ya watu akiulizwa mwanafunzi wake yuko wapi. Mficha uchi hazai, baba. Utasema.

Mwalike dukani kwako, mchana, kabla ya hiyo Jumamosi. Usimwambie njiani, na usimwambie mbele ya huyo katibu mwenye kengele. Aione mashine yako, azione suti zilizotundikwa, akuone na utepe wa kupimia shingoni. Anza na uongo wako, uutoe wote, wala usiuwekee "lakini." Habari za moyo siku hiyo zimeze. Ukimpa uongo na mapenzi katika kapu moja, ataona la pili umelileta lifunike la kwanza. Akikasirika, mwache akasirike hadi ashibe.

Kisha mwonyeshe hayo mablanketi uliyoshona kwa njia yake. Unaogopa kwamba ukweli utamnyang'anya jibu lake, kumbe ndio utakaompa! Mtu asiyejua kitu akiisifu njia ya mikanda, hao mafundi watasema, "Ataisifuje, ameona ipi nyingine?" Lakini fundi wa miaka mingi akiacha njia yake akafuata ya Mama Mikanda, watasema nini? Jumamosi kaa kwenye mashine kama ulivyo, na ushone mshono ulionyooka.

La mwisho: mweleze binti yako kwamba mazoezini hujafika, na mlango wake uufungue siku moja.

*

Wasomaji, kwa kuwa siku zilikuwa zimebana, fundi nilimpa jibu hili kwa simu kabla ya kulichapa. Maonyesho yalipopita akanipigia, na ameniruhusu niwasimulie.

Mama Mikanda alikwenda dukani. Alizunguka, akashika kola ya koti moja, akaligeuza kutazama bitana, akakaa kwenye benchi la wateja. Fundi akasema yote. Alipomaliza, mama akauliza, "Hata ule mshono wa buluu, nilioufumua mpaka macho yakauma?"

"Hata ule."

Akachukua mkoba wake akaondoka bila kuaga. Fundi anasema siku ile alikata suruali ya mteja miguu miwili yote ya kushoto.

Kesho yake asubuhi mama akarudi na mfuko mkubwa. Akaumwaga juu ya meza: kazi za wanafunzi wake wapya wote, mishono imekwenda upande. "Fumua," akamwambia. "Zote. Mimi nakaa hapa natazama feni." Fundi akafumua. Kufika mchana mama alikuwa anacheka hadi ameshika ukingo wa meza, na kabla ya kuondoka aliyafunua yale mablanketi ya mabaki moja baada ya jingine, akapitisha kidole kwenye maungio yake. "Kumbe ulikuwa unasikiliza," akasema.

Jumamosi alisimama mbele yeye mwenyewe, hakumwachia katibu. "Huyu bwana alinidanganya kwamba hajui kushona," akawaambia watu. "Ni fundi, tena wengine humu mmevaa kazi zake. Sasa nataka awaonyeshe kitu ambacho alikuwa hakijui." Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Fundi akaunga mikanda, akapiga pasi, akakata kwa upana, akageuza, akaunga. Mzee mmoja akainuka safu ya nyuma, fundi mwenye duka lake, mmoja wa wale waliosema ni njia ya wavivu. Akaja mpaka mezani, akavaa miwani, akainama.

"Samahani, mwalimu," akamwambia Mama Mikanda. "Hapo pa kukata, naomba mrudie."

Walirudia, na wakarudia tena.

Watu walipoondoka, wawili hao walibaki kushusha mablanketi ukutani. Fundi akakusanya nguvu. Akasema kuna jambo la pili ambalo hakulisema kule dukani, na kwamba mshauri ndiye aliyemkataza, akakwama, akaanza upya, mwishowe akalisema.

Mama Mikanda hakuacha kazi. "Hilo nililijua tangu mwezi wa kwanza," akasema. "La cherehani ndilo lililonipita. Haya, shika pembe hiyo, tukunje."