Nguruwe Wangu Wamehamia Kwako

Ndung'u jamaa yangu,

Hapa Kabazi sisi wote tuko wazima, isipokuwa wewe. Usikasirike, ni wewe ulinizoesha mizaha. Nakuandikia nikiwa nimekalia ndoo yako ya bluu, ile haina mkono, mbele ya banda lako la nguruwe. Na ndani ya banda lako wamelala nguruwe wangu. Ngoja nikueleze vile tulifika hapa, kwa sababu najua huko uliko umeshaanza kucheka.

Kwanza wacha nitoe hii kifuani. Nakuonea wivu. Nilikuonea wivu ukiwa hai, nikafikiri ukienda wivu utaisha. Umezidi. Mtu akifa watu husema maneno mazuri mwezi mmoja, halafu wanarudi kwa shughuli zao. Wewe bado unasifiwa mpaka kwa kinyozi.

Ilianza siku yenyewe ya mazishi. Unamjua Mwalimu Chebet, yule mama aliyestaafu akanunua ploti kando yangu, juu ya shamba lako, akajenga nyumba ya mawe. Alikuwa amesimama na sahani yake, akauliza nyama hii tamu ya nguruwe imenunuliwa wapi. Akaambiwa ni nguruwe za marehemu. Akasema, "Kumbe alikuwa anafuga nguruwe?"

Ndung'u, watu wote waligeuka wakaniangalia mimi. Tuko kwa mazishi yako, na ni mimi naaibika. Ulikuwa na nguruwe wengi kuliko wangu, na mama wa watu ameishi juu yako muda huo wote bila kujua. Wangu aliwajua kabla fundi hajamaliza msingi.

Unakumbuka vile tulianza pamoja? Mimi nilikuwa nimetoka kuendesha lori. Nimelala Malaba, nimekula Kampala mpaka wakanipa jina la mji, nimebishana na polisi wa Kigali kwa Kifaransa ambacho sijui. Nani hapa angenifundisha kujenga banda? Nililiweka juu kabisa kando ya barabara, mabati mekundu, mtu akipita ajue Kampala amerudi nyumbani. Wewe nawe ulizunguka shamba lako msimu mzima ukiwasha moto wa magunzi mabichi. Asubuhi kona hii, jioni kona ile, umesimama mikono nyuma unaangalia moshi. Nilikuuliza kama unachoma nguruwe kabla hujawanunua. Ukaniambia, "Nataka kujua harufu itaenda kwa nani."

Halafu ukajenga kule chini, mahali hakuna mtu angeona banda lako hata akitafuta. Nilikuhurumia. Niliambia watu kwamba Ndung'u anaficha nguruwe kama mtu amewaiba.

Sasa sikia. Hata maua ya kaburi lako hayakuwa yamekauka vizuri, Mwalimu akaenda ofisi ya wadi. Akaja ofisa wa mipango ya ardhi, kijana mpole na utepe wa kupimia. Sheria inasema banda la nguruwe lazima likae mbali na nyumba ya jirani, na umbali umewekwa. Langu halikufika hata nusu. Nikamwambia banda lilikuwa hapa kabla ya hiyo nyumba kuwa na dirisha moja. Akasema sheria haiulizi nani alitangulia, inauliza leo watu wanalala wapi. Tulijaribu kila kona. Shamba langu unalijua, jembamba kama mshipi. Ukimhepa Mwalimu unaangukia jikoni kwa mke wa mchungaji. Nikaambiwa kabla ya mvua kubwa niwe nimehamisha nguruwe au nimeuza wote.

Nikasema hii nitaimaliza kwa mdomo. Siku ya baraza ya chifu nilivaa ile koti ya ngozi. Niliwaeleza vile nimeona watu wakifuga katika nchi nne, nikasema harufu ni ya maendeleo, na kwamba hata pesa yenyewe ukiinusa vizuri haina manukato. Walicheka mpaka chifu akavua kofia. Nikajua nimeshinda. Halafu Mwalimu akasimama, hata hakupandisha sauti.

"Mimi sichukii nguruwe," alisema. "Nimeishi juu ya shamba la marehemu na sijawahi kufunga dirisha kwa sababu yake. Kwa sababu ya Kampala, mjukuu wangu anakula ameshika pua."

Kicheko kiliisha kama taa imezimwa. Kushindwa na mtu aliye hai nimezoea, nimeoa. Lakini kushindwa mbele ya watu na mtu amelala chini ya udongo, hata hajafungua mdomo, hiyo sikuwa nimeonjeshwa.

Nikampigia mnunuzi wa Nakuru aje na lori. Mimi niliyeendesha malori ya watu maisha yangu yote, sasa lori inakuja kubeba nguruwe wangu. Nilikaa na Bibi Harusi, yule jike mkubwa mwenye masikio yameanguka, nikimkuna mgongo, nikashindwa kumweleza. Na hapo ndipo nilikukasirikia kabisa, kwa sababu wewe ndiye ningekuja kumlalamikia. Ungenipa chai, halafu ungeniambia kitu kimoja tu. Sasa nani...

Wacha niendelee.

Nilishuka kwa Mama Shiru, mke wako, nimwambie asishangae akiona lori. Alikuwa anapukuchua mahindi na hakuacha. Akasema, "Kampala, lete hao watoto wako huku. Banda la Ndung'u limekaa bure tangu niuze nguruwe wake. Lakini utafagia kabla ya chai, vile yeye alikuwa anafanya."

Macho yangu yalitoa maji. Nilikuwa nimesimama karibu na gunia la chokaa.

Tuliwashusha kwa ile njia ya ng'ombe. Bibi Harusi alifika mlangoni mwako akanusa, akaingia na kulala kama mtu amerudi kwao. Kwangu hakuwahi kulala hivyo. Hata yeye.

Na unadhani wivu uliisha? Watu wananiuliza, "Nguruwe za Ndung'u zinaendeleaje?" Mwenye bucha anaambia wateja leo kuna nyama ya kwa Ndung'u. Nguruwe wangu, Ndung'u, niliowapa majina! Na kila asubuhi Mama Shiru ananiangalia na birika mkononi, chai siioni mpaka sakafu imeoshwa na mbolea imefunikwa. Nikimaliza ananiambia wewe ulikuwa unaanza na kona ile nyingine. Jana nimeanza na kona ile nyingine. Umeridhika?

Ofisa alirudi, akapima, akaangalia mfereji, akazunguka kote akinusa. Akauliza ni nani alichagua mahali hapa. Unanijua. Mdomo huu umewahi kudai nilimfundisha dereva wa rais kurudisha gari nyuma. Nilivuta pumzi nijisifu, na likatoka jina lako. Mpaka leo sijui lilipitaje.

Juzi Mwalimu alinipata kwa ua, akanipa pole kwamba niliuza nguruwe. Nikamwambia bado ninao, na wanaongezeka. Akainua uso, akavuta hewa kwa pua kama mtu anatafuta. Hakupata kitu. Hiyo furaha singeigawa na mtu yeyote isipokuwa wewe, nawe hukuwepo.

Kwa hivyo leo asubuhi nimewasha magunzi mabichi hapa mlangoni, nione mwenyewe. Moshi uliinuka kidogo, ukalala, ukashuka chini kuelekea mikaratusi. Haukugusa dirisha la Mwalimu, wala jiko la mke wa mchungaji, wala uwanja wa Mama Shiru. Niliufuata kwa miguu. Ulienda moja kwa moja mpaka ulipolala, ukapita juu ya kaburi lako, ukavuka mto.

Nilicheka peke yangu mpaka nikakaa chini. Ulipanga upepo wa kila mtu ukasahau wako. Kabazi nzima, jirani mmoja tu ndiye anasikia harufu ya nguruwe wangu, na ni wewe. Ukiwa na malalamiko, ofisi ya wadi inafunguliwa saa mbili.

Lala vizuri, rafiki yangu. Nakuahidi hii, na unajua ahadi zangu nyingi ni upepo, lakini hii ishike: nitafagia kabla ya chai kila siku, nikianza na kona yako, mpaka hata wewe usijue kama nafuga.

Ni mimi,
Kampala