Damu Yako Haikupewa Heshima ya Maziwa

Abti yangu, ndugu wa mama,

Amani ikufikie huko uliko. Leo shuleni hapa Garissa rafiki yangu amenipa soda nyekundu, nami nimeimwaga mchangani. Amenikasirikia. Hajui niliiona wapi soda ya rangi hiyo.

Unakumbuka likizo ile baada ya mvua kubwa, tulipokuwa malishoni ng'ambo ya Modogashe? Mbu walikuwa kama moshi. Mbuzi wakaanza kutupa mimba, mmoja leo, wanne kesho. Kisha kondoo wako mkubwa akaanguka. Ulichomoa kisu mbio, kwa sababu mnyama akifa kabla hujamchinja ni mzoga, na mzoga ni haramu.

"Shika miguu, daktari," uliniambia.

Nilikueleza kwamba mwalimu wa sayansi alitukataza kugusa damu ya mnyama mgonjwa kwa mikono mitupu.

"Mwalimu wako si ametoka Kisumu? Huyo muulize habari za samaki."

Nikacheka, Abti, nikashika miguu. Kicheko hicho nakichukia mpaka leo. Mimi sikuugua. Wewe ulikuwa na jeraha kwenye kidole gumba.

Siku chache baadaye ulishikwa na homa, kisha fizi zikatoka damu. Muuguzi wa kituo cha afya alikutoa damu kwa uangalifu. Aliniambia ikifika maabara Nairobi ikiwa baridi, watajua ni homa gani, na wafugaji wote wataonywa wasichinje wanyama wagonjwa. Akaiweka kwenye kisanduku cha barafu isubiri gari, akarudi kukuhudumia.

Mchana wakaja wageni wa mkutano. Nilimwona msimamizi wa kituo akifungua kile kisanduku na kuimwaga barafu yote kwenye beseni la soda. Kichupa cha damu yako alikisimamisha dirishani, juani.

"Mkubwa, hiyo ni damu ya abti yangu," nilisema. "Inatakiwa ikae baridi."

"Kaa chini, msichana. Damu si maziwa, haichachi."

Wakacheka. Mmoja alicheua soda yake nyekundu, akajifuta mdomo, akaomba nyingine.

Wewe ndiwe uliyenionyesha akina mama wanaopeleka maziwa ya ngamia sokoni, jinsi wanavyofunika madumu kwa magunia yaliyoloweshwa maji. Anayeacha dumu juani hawampi tena mzigo wao. Damu yako haikupata hata heshima hiyo. Majibu yalipokuja ulikuwa umeshazikwa: sampuli imeharibika, haipimiki. Kwenye fomu yako waliandika kwamba sababu ya homa haijulikani. Kwa hiyo hakuna aliyeonywa. Watu waliendelea kuchinja wanyama wagonjwa, na jirani yetu akakufuata kaburini. Msimamizi bado yuko kwenye kiti chake. Nikipita pale natema mate, ingawa mama amenikanya.

Mwaka huu mvua imerudi. Mwisho wa likizo mbuzi wawili wa mama walitupa mimba, nikampigia afisa wa mifugo kabla ya wa tatu. Alikuja na glavu, akawatoa damu mbuzi. Yeye alikuwa anaendelea na mifugo ya wengine, nami nilikuwa narudi shule, kwa hiyo kisanduku alinikabidhi mimi. Nilipanda pikapu ya maziwa nikakipakata njia nzima.

"Niwekee soda yangu humo ndani," dereva aliniomba. "Koo limekauka."

"Kunywa moto, adeer," nilimwambia, kama tunavyowaita wanaume wa rika la baba.

"Kwani umebeba dhahabu?"

Nilikaza mikono juu ya kifuniko. Tulipofika Garissa, mtu wa maabara alifungua kisanduku mbele yangu. Barafu ilikuwa bado ngumu.

Jioni hii mama amepiga kwa simu ya matroni wa bweni letu. Majibu yametoka: ni homa ya Bonde la Ufa. Ujumbe ulipomfikia alikuwa amesimama juu ya kondoo aliyeanguka, kisu mkononi, na jirani mwingine ameshashika miguu.

"Nimemwambia jirani aiachilie miguu," mama alisema. "Nimekirudisha kisu alani. Acha awe mzoga, tutamfukia."

Nilijua sote wawili tunakitazama kidole chako chenye jeraha.

Lala salama, Abti. Fomu yako ile yenye neno "haijulikani" nitaiulizia.

Mpwa wako uliyemwita daktari